Ridhaa ya Aliyefungwa

Kuna gemu moja ya chesi ambayo imechapishwa mara nyingi mno, na karibu kila mara imechapishwa vibaya. Simaanishi kwamba hatua zimekosewa. Namaanisha kwamba huwa inaletwa ikiwa imekatwa kichwa. Unafungua kitabu cha mafumbo, ama programu ya chesi kwenye simu, unakuta picha ya ubao: malkia mweupe yuko h5, mfalme mweusi amejikunyata g8, na chini yake kuna agizo kwamba weupe wacheze na washinde. Unakuna kichwa kidogo, unaona malkia anaweza kutolewa kafara, unabonyeza, programu inakupongeza, unaenda kwa fumbo linalofuata. Hujui nani alikuwa amekaa upande ule mwingine wa meza. Hata hujaulizwa kama ungetaka kujua.

Upande ule alikuwa amekaa George Thomas. Aliyemtoa malkia kafara ni Edward Lasker. Mahali ni klabu ya chesi ya City of London, mwezi wa Oktoba 1912. Leo nataka tuisome gemu hii vile ambavyo tungesoma hadithi fupi humu ndani, kuanzia mstari wa kwanza, tukikumbuka kwamba iliandikwa na watu wawili.

Kwanza, haikuwa gemu ya mashindano. Hakukuwa na kombe wala pointi. Ilikuwa gemu ya kirafiki, ya aina ile inayochezwa mgeni akiingia klabu na mwenyeji akamwambia karibu, tujaribu moja. Lasker ndiye aliyekuwa mgeni. Alikuwa na miaka 26, mhandisi kutoka Ujerumani, na Kiingereza chake kilikuwa bado hakijasimama. (Msimchanganye na Emanuel Lasker, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1894 hadi 1921. Yeye mwenyewe alichanganywa naye maisha yake yote, maskini.) Thomas alikuwa na miaka 31, Mwingereza, na alikuwa mmoja wa wale watu wanaokera kwa sababu wanaweza kila mchezo. Alicheza tenisi. Katika badminton alishinda mataji 21 ya mashindano ya All England, na lile Kombe la Thomas linaloshindaniwa na timu za wanaume za badminton duniani limepewa jina lake. Katika chesi, baadaye alikuwa bingwa wa Uingereza mara mbili, 1923 na 1934.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyeishi kwa kucheza chesi. Kiswahili kina jina zuri sana la watu kama hawa. Huwaita wachezaji wa ridhaa. Ndondi za ridhaa, riadha ya ridhaa, umesikia hayo redioni. Ridhaa ni kukubali kwa moyo. (Sizungumzi juu ya yule Ridhaa wa *Chozi la Heri*, nyinyi mliofanya KCSE tulieni.) Kwingineko jina la mchezaji wa namna hii humfanya aonekane mtu ambaye hajafika, mwanagenzi asiye na karatasi. Kwetu jina linasema tu kwamba yuko pale kwa sababu amekubali kuwa pale. Nataka neno hilo likae nasi, maana kwa maoni yangu gemu hii haieleweki bila hilo neno.

Kama hujui chesi, usiondoke. Jua tu kwamba mistari ya ubao ina majina, a hadi h, safu zina nambari, 1 hadi 8, na mfalme anayeshambuliwa akikosa njia yoyote ya kujiokoa, hiyo ni chekimeti na mchezo umeisha.

Basi. Hatua kumi za kwanza, zile ambazo vitabu huzikata.

Lasker ana weupe. Anaweka askari wake d4. Thomas, mapema kabisa, anasukuma askari wake wa f hadi f5, njia ambayo wachezaji huiita Ulinzi wa Kiholanzi. Ni uamuzi wa mtu asiyetaka jioni ya kulala. Askari wa f ni kama ukuta wa pembeni wa nyumba ya mfalme. Ukimsukuma unapata nguvu katikati ya ubao lakini umefungua dirisha. Thomas anajua hilo. Wote wanaocheza Kiholanzi wanajua. Hapo tayari kuna tabia ya mtu: amechagua kuishi na dirisha wazi kwa sababu anapenda hewa.

Lasker anajibu bila haraka. Anatoa farasi, anamtuma askofu wake hadi g5, kisha anafanya jambo ambalo mwanzoni linaonekana halina maana: anambadilisha askofu huyo kwa farasi mweusi wa f6. Thomas anachukua kwa askofu wake, na kimahesabu hakuna aliyepoteza kitu. Lakini yule farasi wa f6 ndiye aliyekuwa mlinzi wa h7, kisanduku kilicho mlangoni pa mfalme. Ameondoka kimya kimya. Kisha Lasker anasukuma e4, askari wanabadilishana, na yule askari wa f ambaye Thomas alimsukuma mapema anatoweka ubaoni. Dirisha sasa halina hata pazia.

Na Thomas anafanya nini? Anaendelea na maisha. Anasogeza askari b6 ili askofu wake wa pili apate njia, anamhamisha mfalme wake hadi g8, anamweka askofu b7 akitazama ubao mzima kwa mshazari. Ni hatua nzuri, za mtu aliyesoma. Ukitazama kila moja peke yake huoni kosa. Tatizo ni kwamba anapanga sebule wakati upande wa pili mtu anapanga wageni: farasi mweupe e5, farasi mweupe e4, askofu mweupe d3, na hatimaye, hatua ya 10, malkia mweupe h5. Kete nne za Lasker zinatazama mlango mmoja. Nyuma kule kwa Thomas, farasi wa b8 na ngome ya a8 hawajaguswa hata mara moja. Hawataguswa hadi mwisho.

Sasa tuje hatua ya 10 ya Thomas, kwa sababu ndipo vitabu huanza, na ndipo vinapomwonea. Lasker anatishia kumla askofu wa f6 kwa farasi, akimpa mfalme cheki, kisha malkia aingie h7 na mchezo uishe. Thomas anaona. Anamweka malkia wake e7. Programu yoyote leo itaichora hatua hiyo kwa rangi nyekundu. Lakini ifuate hoja yake. Farasi akila f6, askari wa g7 atamla huyo farasi, na askari huyo akiondoka g7, safu ya saba inafunguka, na malkia wa e7 ghafla anailinda h7 kutoka mbali. Yaani ametengeneza mlango ambao hujifunga wenyewe adui akiusukuma. Dhidi ya tishio alilolisoma, jibu lake ni sahihi kabisa. Alimsoma Lasker vizuri. Alichokosa kusoma ni kwamba sentensi ile ile inaweza kuandikwa kinyume.

Maana Lasker hakubadilisha maneno. Alibadilisha mpangilio. Thomas alitarajia farasi kwanza kisha malkia. Lasker alileta malkia kwanza: malkia anakula h7, cheki. Mfalme hana hiari, lazima amle. Nimehesabu kila kisanduku kilichomzunguka na hakuna pengine pa kwenda. Kisha farasi anakula f6, na kwa kuondoka e4 anafungua njia ya askofu wa d3, kwa hivyo mfalme anapigwa na kete mbili kwa wakati mmoja. Ule mlango wa Thomas hauwezi tena kujifunga, kwa sababu ukipigwa cheki mbili kwa pamoja hakuna kula wala kuziba. Ni mfalme mwenyewe kusimama na kutembea.

Hapa ndipo ninapoikumbuka mila yetu ya kujibizana. Muyaka wa Mombasa alipokuwa akirushiana tungo na malenga wa Lamu enzi zile za uhasama, anayejibu alibeba bahari na vina vya mwenzake, halafu akavigeuza vimrudie aliyeviandika. Ushairi wa namna hiyo haumilikiwi na mtu mmoja. Ukiondoa upande mmoja, ule mwingine unabaki kelele. Na hatujawahi, kwa kadiri ninavyoijua fasihi yetu, kuchapisha jibu tu halafu tukaliita fumbo. Sipigi mfano huu ili kuivalisha chesi kanzu. Michezo hii miwili ina undugu wa maneno pia: chekimeti ni shah mat ya Kiajemi, na shah huyo ndiye aliyetupa shaha, kama katika shaha wa malenga.

Turudi ubaoni. Mfalme mweusi yuko h7, amepigwa cheki mbili. Ana njia mbili tu. Akirudi kona ya h8, farasi wa pili anaruka g6 na mchezo umekwisha papo hapo, hatua ya 13. Akitoka mbele, h6, hajulikani anakokwenda.

Thomas anatoka.

Kuanzia hapo hadi mwisho, hana chaguo tena hata moja ubaoni. Nimekaa na ubao nikajaribu kila mara. Farasi anakuja g4, cheki: pa kwenda ni g5 peke yake. Askari h4, cheki: ni f4 peke yake. Askari g3, cheki: f3 peke yake. Askofu e2, cheki: g2. Ngome h2, cheki: g1. Mfalme mweusi ametoka safu ya nane hadi safu ya kwanza, kutoka kwake hadi nyumbani kwa mwenzake, hatua saba, na katika safari yote hiyo njia panda ilikuwa moja tu, ile ya mwanzo. Ukihesabu kwa macho hayo unaweza kusema Thomas hakuandika chochote. Lasker aliandika, Thomas akanakili.

Lakini kulikuwa na hatua nyingine aliyokuwa nayo kila mara, hatua isiyochorwa kwenye ubao. Angeweza kusalimu amri. Kila mchezaji ana haki hiyo wakati wowote, unamlaza mfalme wako ama unanyoosha mkono, mnasalimiana, imeisha. Wachezaji wa kiwango cha hawa wawili hawangojei chekimeti. Wakiiona inakuja hubwaga manyanga, na mara nyingi hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa heshima.

Sasa hapa lazima niwe mwangalifu nisimpake Thomas utakatifu. Alipotoka h6, huenda aliamini kabisa anajiokoa. Mbona asiamini? Alikuwa amepata malkia mzima, na Lasker amepata askofu. Mtu mwenye malkia wa ziada ana haki ya kutumaini. Hata g5 unaweza kusema, labda mashambulizi yatakauka, labda kuna mwanya. Lakini mfalme wako akishafika f3, yuko miguuni pa kete za adui na kila upande una mlinzi, na wewe ni mchezaji atakayekuja kuwa bingwa wa nchi yako, hapo unajua. Kutoka f3 hadi mwisho zilibaki hatua chache sana. Hizo ndizo hatua za ridhaa. Alizicheza. Alimbeba mfalme wake kwa mkono wake hadi g2, kisha hadi g1, akamweka pale ili sentensi ya Lasker ipate nukta yake.

Kama angesalimu amri f3, hatungekuwa na gemu hii. Tungekuwa na kafara nzuri ya malkia, moja kati ya nyingi, na maelezo chini yake kwamba chekimeti ingefuata. Kinachoifanya isisahaulike si kafara. Kafara za malkia ni nyingi, kila jioni kuna mtoto mahali fulani anamtoa malkia wake na kushinda. Kinachokaa kichwani ni ile picha ya mfalme mweusi amesimama g1, kisanduku ambacho mfalme mweupe hujificha. Picha hiyo ilihitaji mtu wa kuipeleka huko. Kwa hivyo nikisikia gemu hii ikiitwa kazi ya Lasker, nasikia kama mtu anayesifu pasi na kusahau kwamba kuna mwingine aliyekimbia.

Kuna msomaji mwingine ambaye sijamzungumzia, naye ndiye msomaji maarufu zaidi wa chesi leo: mashine. Ukicheza gemu yoyote mtandaoni, ukimaliza inakuja ripoti. Hapa ulikosea kidogo, hapa ulikosea vibaya, hapa ulikuwa na bahati mwenzako hakuona. Inakupa asilimia ya usahihi kama karatasi ya mtihani. Nimeona watu wakimaliza gemu nzuri, gemu ya kupanda na kushuka, jasho kabisa, halafu wanafungua ripoti na nyuso zinaanguka, kwa sababu mashine imewaambia kwamba wote wawili walikuwa wakikosea tangu hatua ya 8.

Mashine ikisoma gemu hii ya 1912, ina la kusema hata kwa mshindi. Hatua ya 14, Lasker alisukuma askari h4. Mashine inasema angesukuma f4. Hata kwa ulinzi bora kabisa, mchezo ungeisha hatua moja mapema. Ni kweli, nimeipitia. Mfalme akimla huyo askari wa f4, unasukuma g3, akikimbilia f3 unahamisha mfalme wako upande wa karibu na ngome, na huko kuhama tu ndiko chekimeti. Ni tamu, siwezi kukataa. Lakini katika njia hiyo mfalme mweusi anafia f3, njiani. Hafiki g1. Mashine imetupa gemu fupi zaidi na hadithi ndogo zaidi, na haina namna ya kujua hilo, kwa sababu kipimo chake ni kimoja: uko mbali kiasi gani na hatua bora. Haiwezi kuuliza ulikuwa unataka kusema nini. Haijui kwamba malkia wa e7 lilikuwa jibu la akili kwa swali ambalo halikuulizwa. Kwake ni kosa tu, sawa na kosa la mtu aliyesinzia.

Siichukii mashine. Imenifunza mengi kuliko mwalimu yeyote. Ninachokataa ni kuipa kazi ya mhakiki. Hii ni kazi ya kusahihisha, na sisi tuliopita shule za hapa tunaijua vizuri sana ile kalamu nyekundu, tunajua jinsi unavyoweza kurudishiwa insha yenye alama ishirini za wino na hakuna hata moja inayoonyesha kwamba aliyesahihisha aliisoma.

Na ripoti hizo zimebadilisha namna tunavyoshindwa. Mtandaoni watu hawangojei f3. Wakipoteza malkia tu, kitufe, wameenda, gemu mpya. Wengine hawabonyezi hata hicho kitufe, wanakuacha na saa ikihesabu. Unashinda huku ukitazama kiti kitupu. Mimi niliondoka chuo kikuu bila kumaliza, kwa hivyo sina mimbari ya kumhubiria mtu habari ya kubaki hadi mwisho. Kuna wakati kuondoka ndiyo hatua bora ubaoni, na aliyekuambia vinginevyo halipi karo yako. Lakini kuondoka kwa sababu umepima na kuona ni jambo moja, na kuondoka kwa sababu huwezi kuvumilia kuonekana ukishindwa ni jambo jingine. Thomas alionekana. Alikaa pale klabuni kwao na mfalme wake akivutwa ubao mzima kama mbuzi wa sherehe.

Mahali ninapopata kitu kinachokaribia hicho hapa Nairobi si kwenye simu. Ni kwenye drafti ya stejini, ile ya vifuniko vya soda juu ya ubao uliochorwa kwa mkono, waendesha boda wakingoja wateja. Pale hakuna kusalimu amri. Unachapwa hadi kifuniko cha mwisho, watu kumi wamekusimamia kichwani, kila mmoja anajua ungefanya nini. Ukimaliza unainuka, mwingine anakaa. Ila pale kuna ugonjwa mwingine: anayeshindwa huwa hakushindwa. Simu ililia. Jua lilimpiga machoni. Wewe ulibahatika tu, msee, rudia uone.

Lasker aliufahamu ugonjwa huo, maana alitoka nao nyumbani. Alisimulia baadaye katika kitabu chake *Chess for Fun and Chess for Blood* kwamba katika mikahawa ya chesi ya Berlin, alikozoea kucheza, ukimfunga mtu hivi angekuambia ni bahati, kisha akuonyeshe hatua ambayo angecheza. Kwa hivyo alijua jibu la kutarajia.

Kabla ya jibu, hatua ya mwisho yenyewe. Mfalme mweusi yuko g1. Lasker ana njia mbili za kumaliza. Anaweza kumhamisha mfalme wake upande wa mbali na ngome, ile hatua ya pekee inayosogeza kete mbili kwa pamoja, na ngome ikitua d1 inampiga mfalme. Wapenzi wengi wa chesi hutamani angefanya hivyo. Ni adimu, ni hadithi ya kusimulia wajukuu. Lakini gemu iliyohifadhiwa inaisha kwa hatua nyingine: mfalme mweupe anasogea kisanduku kimoja tu, kutoka e1 hadi d2. Anapisha. Nyuma yake ngome ya a1, ambayo kama ngome ya Thomas ya a8 ilikuwa haijasogea tangu mwanzo, inapata njia iliyo wazi hadi g1.

Naipenda zaidi hii. Kuhamisha mfalme kungekuwa ni kujionyesha, na Lasker alikuwa ameshajionyesha vya kutosha alipomtoa malkia. Hapa mfalme mmoja ametembea ubao mzima, na mwingine anasogea hatua moja kama mwenyeji anayesimama pembeni ya mlango. Hakuna kete inayoruka, hakuna kinacholiwa. Kafara yote ile ya kelele inaisha kwa mtu kupisha njia.

Thomas alitazama ubao, akasema kitu kwa Kiingereza. Lasker hakukielewa. Mtu mmoja aliyekuwa karibu na aliyejua Kijerumani akamtafsiria: amesema hiyo ilikuwa nzuri sana.